Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Sturm, Ruger & Company: Ombi kwa Ajili ya Rivolva za Six

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Naomba radhi tangu mwanzo kwa kukuchukulia muda wako, maana najua wapo wengi wenye haki nao kuliko mimi.

Mimi ni fundi wa silaha, mzaliwa wa Mombasa, na kwa sasa naishi na kufanya kazi Pennsylvania. Sina cheo, sina hisa katika kampuni yako, wala sikutumwa na chama chochote. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyolelewa nayo katika kumwomba mkubwa jambo, na nimeiacha barua wazi ili wenzangu wa kazi nao waisome. Kwa idhini yako, nimekuja kuziombea rivolva zenu za Six, yaani Security-Six, Service-Six na Speed-Six, ambazo kampuni yako ilizianza mwaka 1972 na kuzimaliza mwaka 1988.

Mezani kwangu, pembeni ya jiliwa, ipo Security-Six moja ya mtutu wa inchi nne, mali ya mzee mmoja askari mstaafu. Mtutuni imeandikwa kwamba iliundwa katika mwaka wa 200 wa uhuru wa Marekani, kama zilivyoandikwa silaha zenu za mwaka 1976. Rangi yake nyeusi ya chuma imekwanguka kwenye mdomo wa mtutu na kwenye kingo za silinda kwa kuingia na kutoka katika ala kila siku ya kazi. Mbao za mshiko zimekuwa laini kama zimepakwa mafuta. Ukiishika silinda na kuitikisa kwa vidole huku nyundo imelala, karibu hupati mchezo wowote. Ukimulika ndani ya mtutu, mifuo yake ingali mikali. Mzee anasema aliifanyia mazoezi kwa risasi kali za .357 Magnum miaka yote ya utumishi wake, na namsadiki, kwa kuwa uso wa fremu juu ya silinda una ule mkato mwembamba ambao moto wa baruti huuchonga taratibu, kisha hufika mahali ukaacha kuendelea.

Niruhusu, Mheshimiwa, nieleze jinsi silaha hii inavyofunguliwa, si kwa kukufundisha wewe, bali kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kuishika. Baada ya kuhakikisha kuwa silinda ni tupu, unalegeza skrubu moja ya mshiko, na hata sarafu inatosha kuwa bisibisi. Unavuta nyundo nyuma. Katika kijiti kinachobeba springi kubwa pana tundu dogo. Unapenyeza humo pini nyembamba, hata msumari mdogo utafaa, kisha unairudisha nyundo polepole. Springi nzima inatoka mkononi mwako ikiwa imebanwa na pini ile, haichomoki ikaruka hadi chini ya kabati. Unatoa ekseli ya nyundo, unainua nyundo, unabonyeza kibanio kilicho nyuma ya kikingio cha kifyatulio, na kikingio kinashuka chini pamoja na kifyatulio na vipande vyake vyote, mkusanyiko mmoja. Silinda na mkono wake vinateleza kutoka kwa mbele. Basi. Rivolva nzima iko juu ya kitambaa, na hujagusa chombo chochote cha maana.

Rivolva nyingi za kabla yake zilikuwa na kifuniko ubavuni, kilichofungwa kwa skrubu ndogo ndogo, ili fundi aweze kuingia ndani ya mitambo. Kifuniko hicho ni dirisha katika ukuta, na ukuta wenye dirisha hauwi na nguvu sawa na ukuta mzima. Mzee William B. Ruger na wahandisi wake waliamua mitambo iingie kwa chini, kuta zote mbili za fremu zibaki nzima. Badala ya springi bapa walitumia springi za kuzunguka, ambazo hazivunjiki ovyo na zinabadilishwa na mtu yeyote. Vibonde vya kufungia silinda walivisogeza pembeni kidogo, visikae juu kabisa ya chemba ya risasi pale chuma kilipo chembamba zaidi. Kati ya nyundo na pini ya kufyatulia waliweka upau mdogo unaopanda pale tu kifyatulio kinapovutwa hadi mwisho; kidole kikiondoka, upau unashuka, na nyundo hata ikigongwa kwa jiwe inapiga fremu tu, haiifikii pini. Wazo la upau lilikuwa la zamani, kampuni ya Iver Johnson ilikuwa nalo tangu karne ya 19, lakini ninyi mliliingiza katika rivolva ya polisi na mkalifanya jambo la kawaida.

Kisha lipo suala la kusubu. Wakati ule watu wa silaha waliamini kuwa fremu ya kuaminika ni ile iliyofuliwa kwa nyundo kubwa ya kiwandani na kuchongwa kwa mashine hadi ipate umbo. Ninyi mkashika njia ya nta. Unatengeneza mfano wa fremu kwa nta, unauchovya katika uji wa udongo mgumu tena na tena mpaka ufanye ganda, unaliweka ganda katika joto nta iyeyuke itoke, halafu unamimina chuma cha moto mahali ilipokuwa. Kinachotoka karibu kimeshafikia umbo lake la mwisho. Waliobeza walibeza, wakasema chuma cha kusubu ni cha sufuria na majiko. Nyie mkaweka nyama zaidi pale ilipohitajika, mkachagua aina nzuri ya chuma, mkakipitisha katika moto wa kukikomaza, na baada ya nusu karne jibu liko katika meza za mafundi kama mimi. Naomba niseme bila kificho kwamba sijui rivolva ya ukubwa ule iliyobeba .357 Magnum kwa uvumilivu kama huu.

Nasema hivyo huku nikiwaheshimu sana majirani zenu wa Smith & Wesson. Model 19 yao, iliyotoka mwaka 1955, ni silaha nzuri mno. Kifyatulio chake ni laini kuliko chenu, na sioni haya kulisema hilo mbele yako. Lakini ilibuniwa kwa desturi ya zama zake, ambapo askari alifanya mazoezi kwa .38 Special na kubeba Magnum kwa siku ya shida. Polisi walipoanza kufanya mazoezi kwa risasi ileile wanayoibeba, na hasa ilipoenea ile nyepesi ya gramu 8 yenye mwendo mkali na moto mwingi, kitako cha mtutu kilianza kupasuka kwa chini, mahali kilipokatwa bapa ili mkono wa silinda upate nafasi. Smith & Wesson wenyewe waliliona hilo, wakaleta fremu kubwa zaidi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Six zenu hazikuwa na mkato ule wa kitako cha mtutu. Walinzi wa mipaka wa Marekani walizibeba, na idara nyingi za polisi pia, na kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya milioni moja.

Naelewa kwa nini mlizisimamisha, na sikuja kulaumu. Mzee Ruger mwenyewe alikuja kusema kwamba kampuni haikupata faida katika Security-Six, kwa kuwa bei yake iliwekwa chini mno. Mtu anayeuza kitu imara kuliko cha jirani, kwa bei ya chini kuliko ya jirani, wanunuzi watamshukuru, lakini mhasibu wake hatalala. Mlipoiunda GP100, mkaitoa mwaka 1985, mlikuwa na silaha iliyo rahisi zaidi kuitengeneza, yenye mbavu nene zaidi na silinda inayofungwa mbele na nyuma. Security-Six ikaondoka mwaka huohuo, Service-Six na Speed-Six zikafuata miaka mitatu baadaye. Tena dunia yenyewe ilikuwa inageuka. Jeshi la Marekani lilichagua bastola ya Beretta mwaka 1985. Aprili 1986 maofisa wawili wa FBI waliuawa Miami katika mapambano ambayo wengi wa wenzao walikuwa na rivolva, na baada ya hapo polisi wa nchi nzima wakakimbilia bastola za magazini zenye risasi 15 na zaidi. Hata kama mngeendelea na Six, wateja wake wakubwa walikuwa wamekwisha shika njia.

GP100 ni silaha ya kujivunia. Ila naomba nikumbushe kwa adabu kwamba yenye mtutu wa inchi nne inapita kilo moja na gramu 100, wakati Security-Six ya mtutu huohuo ina karibu gramu 950. Kwa anayeshinda nayo kiunoni saa kumi na mbili, tofauti hiyo si ndogo. Hilo nalitaja kwa kupita tu, maana silo lililonileta.

Lililonileta ni hili, Mheshimiwa. Rivolva hizi zimekataa kufa. Kampuni inapoacha kutengeneza kitu dhaifu, kitu hicho nacho huondoka baada ya muda, na deni la mtengenezaji linaondoka nacho. Mlipoacha kutengeneza Six, Six zilibaki. Zinarithiwa, zinauzwa kwa wajukuu, zinalala katika droo karibu na vitanda vya watu. Nyingi zitakuwa zikifanya kazi wakati mimi na wewe hatupo. Na vipuri vyake vingi vya ndani havitoki tena kiwandani, wala vile vya GP100 haviingii mahali pake.

Kitu kinachochakaa kwanza katika silaha hii ni kile kipande chembamba kinachopanda na kifyatulio na kusukuma meno ya silinda ili izunguke. Niruhusu nikiite kidole. Kidole kikilika hata upana wa unywele, silinda haifiki mwisho wa mzunguko wake kabla nyundo haijaanguka. Ukivuta nyundo taratibu unaweza kuliona jambo hilo kwa macho: nyundo inafika nyuma na kukaa, na kifungio cha silinda bado kinasugua chuma, hakijadumbukia katika kibonde chake. Maana yake chemba na mtutu havikutazamana sawasawa. Risasi inapita kwa kujikwaruza, vipande vya risasi vinaruka ubavuni kwa moto mkali, na aliyesimama kando ya mpigaji anaweza kupoteza jicho.

Sasa mwenye silaha afanye nini? Akija kwa fundi mwenye subira, fundi atajaza chuma kwa kulehemu, atakikwangua kwa tupa nyembamba, atakijaribu, atakirudia, na huenda kikakaa vizuri. Huenda. Ugumu wa chuma baada ya kulehemu si ule uliotoka katika tanuri lenu. Akienda kununua katika silaha zilizobomolewa, atapata kidole kilichokwisha kula umri katika silinda nyingine, na meno ya silinda mbili hayafanani kabisa. Na akikosa yote hayo atafanya wanavyofanya watu wengi: ataendelea kuitumia vilevile, kwa kuwa bado inapiga.

Jina lililo juu ya fremu hizo ni la kampuni yako. Sina haki ya kukuambia la kufanya na jina lako, lakini nakuomba ulitazame lilivyokaa pale.

Nimepata ujasiri wa kuandika kutokana na mambo mawili ambayo kampuni yako imeyafanya bila kulazimishwa na barua yangu. La kwanza ni lile la mwaka 1982. Rivolva zenu za kuvutwa nyundo kwa mkono, zilizoundwa kuanzia 1953 hadi 1972, hazikuwa na upau wa usalama. Zikianguka na nyundo imelala juu ya chemba yenye risasi, zingeweza kufyatuka. Mkatangaza kwamba mwenye silaha hiyo ailete, mtamwekea upau bila malipo, na mtamrudishia vipande vyake vya zamani katika kifurushi ili historia ya silaha yake isipotee. Huduma hiyo mmeishikilia miaka mingi. Aliyenunua mwaka 1955 hamkumwambia kuwa mkataba wenu umekwisha. Kila ninapolikumbuka jambo hilo nakiona kiwanda kinachojua maana ya kutengeneza kitu kinachodumu.

La pili ni la Marlin. Mwaka 2020 Remington ilipofilisika na mali zake kuuzwa kwa mnada, ninyi mlinunua jina la Marlin, kampuni iliyoanza mwaka 1870, pamoja na mashine na michoro yake. Mkasafirisha vyote, mkachambua, mkarekebisha, na Desemba 2021 bunduki za 1895 zikaanza kutoka Mayodan, North Carolina, na watu wengi wanaozijua wanasema zimetoka nzuri kuliko zilivyokuwa katika miaka yake ya mwisho. Mliona thamani katika kazi ya watu wengine iliyokuwa imekaribia kupotea. Nami nathubutu kudhani kuwa Six, ambazo ni damu yenu wenyewe, hazitakosa nafasi katika moyo huohuo.

Sisemi muanze kuziunda upya. Najua wenzenu wamefanya hivyo: Smith & Wesson waliirudisha Model 19 mwaka 2018, Colt wakairudisha Python mwaka 2020, na zote zilipokelewa kwa furaha. Siku mtakayotaka, soko litakuwepo. Lakini kuanzisha rivolva nzima ni gharama ya kalibu mpya, mashine mpya na watu wapya, na hayo ni maamuzi ya meza yako na bodi yako. Ombi langu ni dogo zaidi, nami naliweka mbele yako kwa mikono miwili.

Naomba mtengeneze vipande vichache tu vya ndani, kwa mafungu madogo, kila baada ya miaka kadhaa: kidole cha kuzungusha silinda katika unene tofauti, kifungio cha silinda, upau wa usalama, pini ya kufyatulia na springi zake. Viuzwe kwa mafundi wenye leseni peke yao kama mkiona ni salama zaidi hivyo, na kwa bei yoyote itakayofidia gharama yenu. Hatutalalamika juu ya bei. Anayepeleka silaha ya baba yake kwa fundi haji kutafuta rahisi.

Na ikiwa hata hilo litakuwa zito, basi naomba michoro ya vipande hivyo ifunguliwe. Hataza za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikwisha muda wake zamani. Hakuna mshindani atakayeamka kesho akatajirika kwa kuunda vidole vya rivolva iliyoachwa tangu mwaka 1988. Lakini hataza haitaji vipimo. Haisemi chuma kikomazwe hadi ugumu gani, wala pembe ya ncha ya kidole iruhusiwe kupungua au kuzidi kiasi gani kabla ya silinda kuanza kuchelewa. Elimu hiyo iko katika makabati yenu na katika vichwa vya wazee waliofanya kazi katika kiwanda chenu cha zamani cha Southport, na hao wanapungua kila mwaka.

Najua mawakili wako watakushauri kwa hekima yao kwamba anayetoa kipuri cha silaha ya zamani anabeba mzigo wa kila litakalotokea. Nawaheshimu, na hofu yao ina msingi. Ila naomba wapime pia upande wa pili wa mizani. Silaha hizi zinakarabatiwa leo, tunavyozungumza, kwa tupa na kwa kukisia, na fremu ile ina nguvu kiasi kwamba itamvumilia fundi mbaya kwa muda mrefu kabla ya kumuumbua. Kipande sahihi chenye alama ya kiwanda, na karatasi moja ya maelezo ya namna ya kukiweka na kukipima, hakiwezi kuwa hatari kuliko hali hiyo.

Kama itakupendeza kuanza na kitu kimoja peke yake ili muone mambo yatakavyokwenda, basi kiwe kidole. Kisubiwe kikiwa kinene kuliko kipimo cha asili, kwa kadiri itakayompa fundi nafasi ya kukikwangua hadi kikubaliane na silinda iliyo mbele yake, na kiambatane na maelezo ya ugumu wake ili asikichome ovyo. Mzee mwenye Security-Six ya mwaka 1976 nimemwomba aniachie silaha yake kwa sasa. Haina kasoro ila hiyo moja ya kidole kilicholika, na amekubali kusubiri.



Wako mtiifu na mwenye kukuheshimu,

Fundi wa silaha, mzaliwa wa Mombasa
Pennsylvania, Marekani